Maonyesho ya Mwisho wa Kiangazi katika Jimbo la Minnesota

Katika Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako maziwa na mito huganda kwa miezi kadhaa, majuma ya mwisho ya Agosti na ya mwanzo wa Septemba yamekuwa kwa muda mrefu msimu wa matembezi, lakini mengi ya matembezi hayo yalianza yakiwa kazi. Waojibwe, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wakienda ziwani wakati huo kuvuna mpunga wa mwitu, yaani nafaka inayoota yenyewe majini. Walivuna wawili wawili mtumbwini, mmoja akisukuma chombo kwa upondo na mwenzake akiinamisha mabua na kuyapiga kwa vijiti viwili hadi punje zianguke ndani. Haki ya kuvuna mpunga huo waliibakiza mikononi mwao katika mkataba wa mwaka 1837 walipoitoa ardhi kwa serikali, na haki zitokanazo na mkataba huo zilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999, ingawa leo wakazi wengine wa jimbo nao hukata leseni na kwenda kuvuna, wengi wao kwa burudani.

Tembezi kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni Maonyesho ya Jimbo, ambayo siku hizi huchukua siku 12 na kumalizika siku ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo nchini Marekani huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Aliyezoea Nane Nane ya Tanzania ataitambua sura yake: mifugo, mazao, mitambo ya shambani, na watu wengi ambao hawakuja kwa ajili ya mifugo wala mazao. Desturi hiyo ilitoka mashariki mwa nchi, ambako Elkanah Watson aliwaonyesha majirani zake kondoo wawili wa aina ya merino katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, mwaka 1807, na ambako jimbo la New York lilifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Syracuse mwaka 1841. Minnesota, iliyopata hadhi ya jimbo mwaka 1858, ilifuata mwaka 1859, na lengo la waandaaji lilikuwa kuwathibitishia wahamiaji kwamba udongo wa kaskazini kiasi kile unaweza kustawisha ngano, mahindi na hata matunda. Uthibitisho huo ulikuwa na upande ambao mabango ya sherehe hayakuutaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya mashamba ya kusini mwa jimbo ilitwaliwa kutoka kwa Wadakota, wenyeji wengine wa asili, kwa mikataba ya mwaka 1851, na maonyesho yaliposimama miaka ya 1861 na 1862, sababu zake zilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na vita kati ya Marekani na hao hao Wadakota, ambao mwaka uliofuata walifukuzwa jimboni kwa sheria.

Kwa miaka mingi maonyesho hayakuwa na makao, yakihamahama huku miji jirani ya Minneapolis na St. Paul ikiyagombania, mpaka mwaka 1885 yalipopewa ekari 210 katikati ya miji hiyo miwili, mahali palipokuwa shamba la wilaya la kutunzia maskini. Makao ya kudumu yalirahisisha ujenzi wa majengo na uletaji wa watu kwa reli, lakini hayakumaliza ubishi wa ndani kuhusu kazi hasa ya maonyesho. Waliotaka yabaki shule ya wakulima waliziona mbio za farasi zilizofanyika hapo kuwa kishawishi cha kamari. Wenye kushika hesabu walijua kwamba bila kiingilio cha watazamaji wa mbio, zawadi za ng'ombe bora zisingelipika. Hesabu ndiyo iliyoshinda, na ilishinda kwa kishindo mwaka 1906, pale farasi aitwaye Dan Patch, mali ya Marion Savage, mfanyabiashara wa chakula cha mifugo, alipokimbia maili moja akivuta kigari kwa dakika 1 na sekunde 55. Mkulima aliyefika kutazama mbegu alijikuta jukwaani, na pengine aliyefika kwa ajili ya farasi akapita bandani na kuona aina ya ngano asiyoijua.

Siasa nayo ilipata nafasi: tarehe 2 Septemba 1901 Theodore Roosevelt, akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wasikilizaji hapo kusema kwa upole na kubeba fimbo kubwa, na kabla ya majuma mawili kutimia alikuwa Rais, kwani Rais aliyemtangulia, William McKinley, alikwisha kuuawa.

Chakula, ambacho leo ndicho kivutio cha wengi, kilianza kwa unyenyekevu zaidi, kwa kuwa makanisa yaliendesha kumbi za kulia zilizouza milo ya nyumbani kwa wageni waliotoka mbali, na ukumbi wa kanisa la Hamline ulioanza mwaka 1897 ungalipo. Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, baada ya maonyesho kufutwa mwaka 1945 kwa uhaba wa mafuta na mwaka 1946 kwa mlipuko wa polio, ugonjwa wa kupooza. Yaliporudi mwaka 1947, soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa katika rojo la unga na kukaangwa, ilianza kuuzwa kwa watu waliotaka kula huku wakitembea, na tangu hapo kijiti kimepenyezwa karibu katika kila kitu kinacholika.

Nguvu ya msimu huu huonekana hata nje ya uwanja. Sheria ya Minnesota kwa kawaida haiziruhusu shule za umma kufunguliwa kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na kila linapozuka pendekezo la kuilegeza, wenye hoteli za kandokando ya maziwa na watetezi wa maonyesho huwa miongoni mwa wa kwanza kulipinga, wakikumbusha kwamba vijana wanaoleta ndama wao kushindanishwa, na wanaouza vyakula vibandani, ni wanafunzi.