Bongo na Salama Yake

Mwaka 2001, katika albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", rapa Professor Jay aliweka wimbo alioupa jina "Bongo Dar es Salaam". Wimbo unaupenda mji huku ukiucheka. Mimi kinachonishika hadi leo ni hilo jina: majina mawili ya mji mmoja, tena yasiyoelewana.

Tuanze na la serikalini. Miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga pale Mzizima, aliupa mji jina la Kiarabu. Dar ni nyumba, makao. Salaam ni amani. Wengi tumezoea kusema "bandari ya salama". Lifasiri utakavyo, linamwambia mgeni: umefika, tua mzigo.

Jina la mtaani linamwambia asithubutu kutua. Bongo ni ubongo: hapa watu wanaishi kwa akili. Ila tazama umbo lake. Kiswahili kikimvua mtu au kitu kiambishi, humkuza na kumbeza papo hapo. Mtoto huwa toto, mdomo huwa domo, na domo si ukubwa tu, ni kero. Ndivyo ilivyo kwa bongo. Mwenye bongo kasifiwa, bongolala kamalizwa. Wahakiki wa fasihi wana istilahi ya kejeli kama hii, tashtiti. Mtaa uliipata kwa kung'oa u- moja, kabla msanii hajashika maiki.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Bongo la kichwani "limechoka". Bongo tunakoishi "kugumu". Kilichokuwa ndani ya fuvu kimekuwa mahali, na mahali penyewe pakatanuka: Mkenya akisema "Wabongo" hawataji watu wa Kariakoo peke yao, anataja Watanzania wote.

Kwa miaka mingi, hadi stendi ilipohamia Mbezi mwaka 2021, mabasi ya mikoani yalishusha watu Ubungo. Ubungo na ubongo vimetengwa na irabu moja. Mjomba wangu aliposhuka pale, kijana mmoja alimpokea kwa shikamoo ya heshima, akamuuzia simu mpya kwa bei ya kutupa. Boksi lilikuwa zito, nailoni haijachanwa. Tulipolifungua nyumbani Manzese, ndani kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Mama alimtazama, akasema polepole: "Kaka, umeingizwa mjini."

Sijaona istilahi inayoizidi hiyo. Mjomba alikuwa ameingia mjini saa nne asubuhi, kwa nauli yake mwenyewe. Lakini kwa lugha ya Dar, kuingia hakuhesabiki. Sharti uingizwe, kwa kauli ya kutendeshwa, na anayekuingiza hujilipa. Kutapeliwa na kukaribishwa vimepewa kitenzi kimoja.

Mjomba hakurudi kijijini. Sabuni aliifulia mpaka ikaisha, na kisa chake akawa anakisimulia kwenye kila shughuli ya ukoo. Huanza kwa kumlaani yule kijana. Akifika kwenye boksi, sauti hubadilika: hutuonyesha kwa vidole jinsi kile kipande kilivyochongwa kikaenea sawasawa, pembe zimesuguliwa, uzito umepimwa. "Yule," humalizia, akitikisa kichwa, "ana bongo."