Siku kumi na mbili juu ya lami

Jumapili ya tarehe 16 Julai 2017, polisi wa Israel walifungua milango ya Msikiti wa Al-Aqsa waliyokuwa wameifunga kwa siku mbili. Maofisa wa Wakfu, taasisi iliyo chini ya Jordan inayousimamia msikiti huo, walifika Lango la Simba, wakazitazama mashine za kukagua chuma zilizosimikwa pale, wakakataa kupita. Waliswali hapohapo nje, juu ya lami, na watu wakapanga safu nyuma yao.

Mashine zililetwa kwa sababu. Ijumaa iliyotangulia, Wapalestina watatu wa Umm al-Fahm, raia wa Israel, waliwaua kwa risasi polisi wawili karibu na lango hilo, nao wakauawa. Serikali ya Benjamin Netanyahu ilishikilia kwamba ni usalama tu: mbona hata Wayahudi wanaokwenda kuomba kwenye Ukuta wa Magharibi, hapo chini, hukaguliwa? Hoja hiyo ina uzito kwa asiyejua habari ya ufunguo.

Tarehe 7 Juni 1967, askari wa Israel walipouteka Mji Mkongwe wa Jerusalem, walipandisha bendera yao juu ya Kuba ya Mwamba. Moshe Dayan, waziri wa ulinzi, aliamuru ishushwe. Siku chache baadaye matingatinga yaliubomoa Mtaa wa Wamaghribi, ambao wakfu wake ulianzia enzi za mwana wa Salahuddin, ili kupata uwanja mbele ya Ukuta. Kisha Dayan akagawa madaraka: ndani Wakfu uendelee kusimamia, nje polisi wa Israel walinde. Waislamu waswali, wengine watembelee tu. Ila ufunguo wa Lango la Wamaghribi Israel iliuchukua mwaka huohuo, na mpaka leo iko nao. Mtu ambaye ufunguo mmoja wa nyumba yake unakaa kwa mwingine hawezi kuiona mashine mpya mlangoni kuwa chuma tu.

Mwaka 1980 bunge la Israel lilitangaza Jerusalem yote kuwa mji mkuu wa nchi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likajibu kwa azimio namba 478 kwamba tangazo hilo ni batili. Maazimio hayafungui milango. Mwaka 1996 ulifunguliwa mlango wa handaki la kando ya Ukuta, watu kwa makumi wakafa katika ghasia zilizofuata. Mwaka 2000 Ariel Sharon, kiongozi wa upinzani wa Israel, alizuru uwanja wa Al-Aqsa, na Intifada ya pili, maasi ya Wapalestina, ikafuata.

Ndiyo maana mwaka 2017 watu walikaa barabarani. Miswala ilitandikwa kwenye lami ya Julai, maji na chakula vikapitishwa mkono kwa mkono. Mbinu yao, kwa maoni yangu, ilikuwa kali kuliko jiwe: walikataa tu kuingia mahali walipopapenda kuliko pote. Ijumaa ya tarehe 21, katika mtaa wa Wadi al-Joz, kijana mmoja Mkristo alisimama katikati ya safu za Waislamu, msalaba shingoni, akisoma sala zake kitabuni.

Siku hiyohiyo Wapalestina watatu waliuawa katika makabiliano, na usiku Mpalestina mmoja akawachoma kisu na kuwaua Waisraeli watatu katika makazi ya walowezi ya Halamish. Alfajiri ya tarehe 25 mashine ziling'olewa, serikali ikisema itaweka kamera za kisasa badala yake. Watu hawakuinuka. Walitaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa kabla ya tarehe 14.

Tarehe 27 vyuma vilivyobaki viliondolewa na Wakfu ukawaambia watu warudi. Ila lango moja, la Hitta, lilikuwa bado limefungwa. Umati ulisimama mbele yake, ukagoma kuingia kwa malango mengine yaliyokuwa wazi. Lilipofunguliwa, waliingia kwa takbira, na Alasiri ikaswaliwa ndani.