Kamusi ya Herufi Ishirini

Mwaka 1965 kilichapishwa nchini Marekani, mjini Silver Spring katika jimbo la Maryland, kitabu ambacho msomaji asiye na habari zake angekifungua na kukifunga papo hapo. Hakikuwa na hadithi wala hoja ndefu. Kurasa zake zilijaa safu za alama zilizofuatana bila nukta wala mkato, na chini yake maelezo mafupi ya nani aliyezisoma safu hizo na kutoka kwa kiumbe gani. Kilikuwa atlasi ya protini, na protini zilizoorodheshwa ndani yake zilikuwa 65 tu. Mhariri wake mkuu alikuwa Margaret Dayhoff. Elimu ambayo leo huitwa bioinfomatiki, yaani elimu ya kuchungua habari za uhai kwa msaada wa kompyuta, ina deni kubwa kwa kitabu hicho kuliko kwa mashine yoyote.

Yafaa kwanza tueleze protini ni kitu gani. Ni mnyororo mrefu uliofungamana kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, na aina za vipande hivyo katika miili ya viumbe ni 20. Tofauti kati ya protini na protini hutokana na mpango wa vipande, kama tofauti kati ya neno na neno inavyotokana na mpango wa herufi. Frederick Sanger wa Cambridge, Uingereza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusoma mpango huo mpaka mwisho. Alisoma insulini ya ng'ombe, yenye vipande 51 tu, na kazi hiyo ilimchukua kadiri ya miaka kumi hata ikakamilika mwaka 1955. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1958. Mtu akifikiri kwamba mnyororo mmoja wa protini ya damu una vipande vipatavyo 146, na kwamba mwili una maelfu ya protini, ataona mara moja kuwa mikono mitupu isingetosha.

Dayhoff alizaliwa Philadelphia mwaka 1925. Alianza kwa hisabati, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, na huko akapata shahada ya udaktari mwaka 1948 katika kemia. Jambo la ajabu katika tasnifu yake ni chombo alichokitumia. Zilikuwapo mashine za kadi zilizotobolewa matundu, ambazo makampuni yalizitumia kuhesabu mishahara na bidhaa. Yeye alizichukua mashine hizo za wafanya biashara akazipa kazi ya kuhesabu nguvu zinazoshikamanisha chembe za kemikali. Baadaye alikaa miaka kadhaa nyumbani akilea binti zake wawili, kisha akarudi katika utafiti. Mwaka 1960 alijiunga na taasisi mpya iliyoitwa National Biomedical Research Foundation, iliyoanzishwa na Robert Ledley. Ledley alikuwa amesomea utabibu wa meno, tena akasomea fizikia. Watu wa namna hii, wasiokaa katika idara moja, aghalabu huwasumbua wakuu wa vyuo, kwa maana hawajulikani waandikwe katika daftari gani.

Kazi yao ya kwanza ya maana ilitangazwa mwaka 1962. Ilikuwa programu ya kompyuta waliyoiita COMPROTEIN. Ili kuielewa, tuchukue neno letu moja, KITABUNI. Tuseme mtu hawezi kulisoma neno zima, ila anaweza kulikata kwa visu viwili tofauti. Kisu cha kwanza humpa vipande KIT, ABU na NI, lakini vimechanganyika. Kisu cha pili humpa KITA na BUNI. Kipande KITA humfundisha kuwa baada ya KIT inakuja herufi A, nacho chenye kuanza na A ni ABU peke yake. Na kipande BUNI humfundisha kuwa NI hufuata ABU. Neno limerudi. Mwanakemia alikuwa akifanya hivyo kwa kalamu na karatasi, kwa vipande mamia, akikosea na kurudia. Kompyuta, iliyokuwa ikijaza chumba kizima wakati huo, iliweza kupanga vipande vya protini kwa dakika chache.

Haja ya kompyuta ikazaa haja nyingine, ndogo kwa sura, nayo imebaki mpaka leo. Wanakemia waliandika kila asidi ya amino kwa herufi tatu. Kwa mashine ya siku zile, yenye kumbukumbu haba, huo ulikuwa ubadhirifu. Dayhoff akashika njia ya herufi moja kwa kila kipande. Alanini ikawa A, glisini G, valini V. Zilizogombea herufi moja zilipewa nyingine: lisini ilipokosa L ikapata K, iliyo jirani yake katika alfabeti. Mkataba wa herufi hizo ulikubaliwa na wanakemia wa dunia mwaka 1968.

Sisi tunaoshughulika na lugha tunamfahamu mtu wa aina hii. Ni mtunga kamusi. Waliokusanya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kamusi ya Kamati ya Lugha, iliyotoka mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson, hawakuyaumba maneno hayo, wala hakuna mwenye akili awezaye kusema kuwa kazi yao haikuwa elimu. Lakini katika maabara za Marekani wapo waliomwona Dayhoff kama karani. Mgunduzi, kwa fikira zao, ni yule aliyeshika chupa; aliyepanga matokeo ya wengine hana sehemu. Mimi nakataa hukumu hiyo, na sababu imo katika atlasi yenyewe. Kwa kuweka protini za viumbe mbalimbali ubavu kwa ubavu, Dayhoff na mwenzake Richard Eck walionyesha mwaka 1966 kwamba protini moja ya bakteria, ferodoksini, ina nusu mbili zinazofanana. Yaani ilitokana na mnyororo mfupi zaidi uliojirudia zamani sana. Hapana aliyeweza kuliona hilo kwa kutazama chupa. Na katika toleo la mwaka 1978 walihesabu mabadiliko 1,572 katika jamaa 71 za protini, wakatunga jedwali la kupimia ni kipande kipi hubadilika kwa urahisi kuwa kipi, na kipi hung'ang'ania mahali pake. Jedwali hilo lilikuwa sarufi, si orodha.

Nguvu ya herufi moja tunaijua zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Katika damu ya mtu mzima, mnyororo mmoja wa himoglobini huanza hivi: VHLTPEEK. Kwa mgonjwa wa selimundu husomeka VHLTPVEK. Herufi ya sita imegeuka, basi. Vernon Ingram alilivumbua badiliko hilo huko Cambridge, katika miaka ya 1956 na 1957. Kabla yake Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa amepima damu za watu wa pwani, wa kandokando ya Ziwa Viktoria na wa nyanda za juu, akaona kuwa dalili ya selimundu huzidi palipo na malaria nyingi. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mwenye kuirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Damu iliyoifundisha dunia somo hilo ilitoka katika vidole vya wanavijiji wetu, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Hapo ndipo pana swali lililomwumiza Dayhoff mwenyewe: mkusanyaji na waliokusanyiwa, nani mwenye mali? Taasisi yake iliishi kwa ruzuku na kwa kuuza atlasi, nayo ilishika haki ya kunakili. Wanasayansi waliotoa matokeo yao bure walinung'unika kuyanunua tena. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipotafuta mahali pa kuweka hazina ya taifa ya mfuatano wa DNA, GenBank, taasisi ya Dayhoff ilikosa. Kazi ikaenda kwa maabara ya Los Alamos na washirika wake, ambao waliahidi kuiacha wazi kwa wote. Naona uamuzi ulikuwa wa haki kwa elimu, na mzito kwa mtu. Aliyefungua njia miaka 17 kabla aliachwa mlangoni. Alifariki tarehe 5 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 57.

Wenzake waliendeleza hazina yake ya protini, na mwaka 2002 iliunganishwa na zile za Ulaya kuwa UniProt, ambayo hailipishi mtu. Mwaka 2012 ulipoanzishwa mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika, H3ABioNet, ukiongozwa kutoka Cape Town, Muhimbili nayo ilikuwamo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akiifungua UniProt leo na kuitafuta himoglobini ya binadamu, ataona safu ile ile katika herufi zile zile. Ila ajihadhari na hesabu: siku hizi M ya mwanzo, ambayo mwili huikata, huandikwa pamoja na nyingine, kwa hiyo ile E ya sita ataikuta ya saba.