Kuku wa Sekunde Moja

Katika kibanda kimoja cha video hapa Timau, niliketi benchi moja na mtoto wa miaka minane hivi, tukitazama filamu ya Kichina iliyotiwa maneno na msimulizi DJ Afro. Ngumi, uso, ukuta, ngumi tena: picha nne kwa pumzi moja. Mtoto alianza kucheka kabla adui hajaanguka.

Benchi hilo lilinijia nilipokutana tena na kisa cha mbu, nitakachokisimulia punde, kinachodai kwamba Mwafrika hajui kusoma filamu. Watengenezaji filamu wa Urusi, akina Lev Kuleshov, walishaonyesha kwamba maana huzaliwa picha zinapounganishwa: uso uleule ukifuatwa na bakuli la supu husomeka njaa, ukifuatwa na jeneza husomeka huzuni, hayo yanajulikana. Majaribio ya filamu za elimu ya Notcutt na Latham kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, nayo nayapita: filamu 35 hivi, na lori la kuzizungusha Afrika Mashariki na Kati.

Ninayegombana naye ni William Sellers. Alianza na filamu za afya Nigeria, kisha kuanzia 1939 akawa kinara wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Waingereza. Aliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka. Basi kamera itulie, picha iwe ndefu, na mtu akitoka nyumbani kwenda shambani aonekane akienda. Ushahidi uliopendwa na wenye imani hiyo ni wa wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaa kitambaa kizima, wakasema wao hawana shida, mbu wao ni wadogo. Mwanahistoria James Burns alikifuatilia kisa hicho akakikuta kikisimuliwa sehemu mbalimbali za Afrika, kila mahali kwa sura yake. Nami nauliza: nani alimhakikishia bwana afya aliyeonyesha filamu hiyo kwamba hakuwa anataniwa?

Kisa cha kuku kina uzito zaidi. Msomi John Wilson alisimulia kwamba watazamaji wa filamu ya usafi, walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakumjua kuku huyo. Walipoikagua picha kwa picha wakamkuta, amepita pembeni kwa sekunde moja. Msomi wa mawasiliano Marshall McLuhan akakirudia kisa hicho mwaka 1962 kama dalili ya watu wasiojua kusoma picha. Kwangu ni kinyume: aliyemkosa kuku ni mhariri.

Nakubali jambo moja, kwamba lugha ya mikato hufunzwa. Lakini hata watazamaji wa London walijifunza. Na kwetu mwalimu alikuwepo: mfasiri aliyesimama na kipaza sauti kando ya gari la sinema lililozunguka vijijini, akiunganisha kwa mdomo kilichokatwa kwa mkasi. DJ Afro anakaa kwenye nafasi ya mfasiri huyo.

Maneno ya maofisa yamehifadhiwa vizuri. Ya waliokaa nyasini usiku wakitazama hayajahifadhiwa vizuri hivyo. Kama una babu au nyanya huku Timau, Kibirichia au Buuri aliyewahi kulikimbilia gari la sinema, muulize walicheka wapi, na uandike.