Mama wa supu: mchezo uliokatazwa na polisi Berlin
Ni mjini Berlin, Ujerumani, mwezi wa kwanza mwaka wa 1932, ndipo mchezo wa kuigiza «Die Mutter», maana yake Mama, ulipoonyeshwa. Bertolt Brecht aliutoa katika riwaya ya Maxim Gorky, Hanns Eisler akatunga muziki. Pelagea Vlassova, mama wa Kirusi asiyejua kusoma, haingii siasa kwa kupenda. Mshahara wa mtoto wake umekatwa, supu imebaki maji. Mama gani haelewi hilo? Anagawa makaratasi kiwandani ili mtoto asikamatwe. Baadaye anajifunza kusoma, anabeba bendera nyekundu. Kule Moabit, mtaa wa wafanyakazi, polisi walikataza kuigiza. Waigizaji wakasoma maneno tu. Mwaka uliofuata Brecht, Eisler na Helene Weigel, aliyeigiza mama huyo, wote walikuwa wakimbizi.