Chakula na Tabibu katika Shule za Bradford

Wako wanaodhani kuwa Uingereza, kwa utajiri wake, iliwalisha watoto wa shule tangu shule zilipofunguliwa. Sivyo. Sheria ya mwaka 1870 ilileta shule za umma, na ile ya 1880 ikawalazimisha wazazi kuwapeleka watoto wao. Lakini sheria zote mbili hazikuuliza mtoto amekula nini asubuhi. Walimu ndio waliojua, maana waliwaona wanafunzi wakisinzia juu ya vitabu.

Bradford ni mji wa kaskazini uliosifika kwa viwanda vya sufu. Walikuwako huko watoto waliofanya kazi kiwandani nusu ya siku na kusoma nusu ya pili. Mwaka 1893 alihamia mjini humo bibi mmoja, Margaret McMillan, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mjumbe wa bodi ya shule. Yeye na tabibu James Kerr walishika kazi ya kuwakagua watoto miili yao, na mwaka 1897 shule ya Wapping Road ikajengewa mabafu, kwani wengi hawakuwa na mahali pa kuogea nyumbani.

Ama habari ya chakula ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu ya aibu. Amri ya mwaka 1905 iliwapa kazi hiyo wasimamizi wa misaada ya mafukara, na baba aliyehesabiwa kuwa ana uwezo alidaiwa chakula cha mwanawe kama mkopo. Wazazi wengi waliona ni heri mtoto ashinde na njaa kuliko jina la nyumba kuandikwa katika daftari la mafukara. Sisi tuliofundishwa kuisitiri sadaka hatutaona ajabu. Sheria ya 1906, iliyopelekwa bungeni na seremala William Tyson Wilson, na kutetewa na Fred Jowett, mbunge wa Bradford, ililiondoa doa hilo: mabaraza ya miji yaliruhusiwa kulisha watoto kwa kodi ya mji, na mzazi aliyeshindwa kulipa hakunyang'anywa haki yake ya kupiga kura. Lakini waliruhusiwa tu, hawakulazimishwa. Na kodi yenyewe haikuweza kuzidi nusu peni kwa kila pauni.

Katika mwaka 1907 tabibu Ralph Crowley wa Bradford aliamua kuutafuta ukweli kwa mizani. Aliwachagua watoto wapatao 40 walio dhaifu, wakapewa kifungua kinywa na chakula cha adhuhuri kila siku ya shule, tangu Aprili hata Julai. Asubuhi ilikuwa uji wa shayiri kwa maziwa, na mkate. Meza zilitandikwa vitambaa na kupambwa maua, watoto wakubwa wakawahudumia wadogo. Vitambaa vilichafuka sana, si kwa ukosefu wa adabu, bali kwa sababu ya nguo za watoto na uhaba wa maji ya kunawa. Kila walipopimwa, uzito wao ulikuwa umepanda kupita wa wenzao wasiolishwa. Kisha ikaja likizo, jiko likafungwa, na uzito ukashuka. Mstari ule ulioshuka katika karatasi ya tabibu ulisema zaidi ya hotuba nyingi za bungeni, maana ulionyesha kwamba njaa haina likizo.

Mwaka huo huo sheria nyingine ililazimisha watoto wa shule za umma wakaguliwe na tabibu. Ikaonekana upesi kuwa kumwambia mama maskini meno ya mwanawe yameoza, bila ya kumwonyesha pa kuyatibia, ni kumwongezea huzuni tu. Ndipo zahanati za shule zikaanza kufunguliwa. McMillan mwenyewe, aliyekwisha kuhama Bradford, alifungua yake London mwaka 1908.

Sheria ya 1914 iliondoa mpaka wa ile nusu peni, na ikaruhusu watoto walishwe hata siku za likizo. Kulazimishwa kwa mabaraza yote kuweka chakula shuleni kulingoja mpaka sheria ya mwaka 1944.