Gofu Kisumu, korongo Ruma: Mwongozo wa likizo ya siku nne

WACHEZAJI gofu wanaozuru eneo la Nyanza huwa na viwanja viwili vinavyojulikana sana: Nyanza Golf Club jijini Kisumu, na Kisii Golf Club katika nyanda za juu za Gusii. Wengi wao humaliza mchezo, wakafunga virago na kurejea nyumbani. Hata hivyo, kati ya miji hiyo miwili kuna mzunguko unaopitia kaunti za Homa Bay na Migori, ambao haustahili kuahirishwa.

Sababu kuu ni korongo. Mnyama huyu wa jamii ya swara ana kimo kinachokaribia cha farasi mdogo, pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wenye mabaka meusi na meupe. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 pekee nchini. Makao yao ya mwisho Kenya ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Homa Bay. Wangali wako katika mataifa mengine ya Afrika, lakini wakiangamia Ruma, Kenya itakuwa imewapoteza.

Ruma ilitengwa mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Ina ukubwa wa kilomita 120 mraba, na humo pia mna vifaru, twiga wa Rothschild, kongoni na taya.

Jambo la kwanza kupanga ni majira. Udongo wa bonde hilo ni mweusi na hunata kunaponyesha, hivyo masika ya Machi hadi Mei huwatatiza wenye magari madogo. Juni hadi Septemba ni afadhali. Isitoshe, mbayuwayu wa buluu, ndege mhamiaji aliye hatarini, huonekana mbugani kati ya Aprili na Septemba.

Siku ya kwanza yaweza kutengewa gofu Kisumu. Siku ya pili, msafiri afuate barabara ya Kendu Bay, atazame Ziwa Simbi Nyaima, ambalo masimulizi ya Waluo yasema lilizamisha kijiji kilichomnyima kikongwe hifadhi, kisha aelekee Homa Bay na kuingia Ruma. Ada za mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kupitia eCitizen, wala si kwa pesa taslimu. Yafaa kulala usiku mbili karibu na mbuga, kwani kuwapata wanyama wachache katika nyasi ndefu huhitaji subira, na alfajiri ndiyo saa bora. Askari wa mbuga akiongoza, nafasi huongezeka.

Kuhusu afya, Lambwe ilisifika kwa mbung'o na malale. Kisa cha mwisho cha malale kilichoambukizwa nchini kiliripotiwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitishia Kenya kwamba maradhi hayo si tishio tena kwa afya ya umma. Mbung'o wenyewe bado huuma, na huvutiwa na nguo za buluu na nyeusi. Rangi ya kaki ni bora zaidi. Malaria ingali ipo kandokando ya ziwa, basi chandarua na ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga ni lazima.

Siku ya nne ni ya Thimlich Ohinga, takriban kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Maboma haya ya mawe yanakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco. Kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zilipangwa bila saruji wala udongo. Kila jiwe linashikiliwa na jirani yake. Ndiyo maana mgeni hapaswi kupanda ukutani wala kung'oa hata kijiwe cha kumbukumbu.

Kutoka hapo, barabara ya Migori humrejesha msafiri Kisii, ambako mwenye vijiti vyake garini anaweza kuhitimisha likizo uwanjani. Lakini ratiba ikibana, heri apunguze siku ya gofu kuliko ya Ruma. Uwanja utamngoja, korongo wachache hivyo ni idadi ambayo ukame au ugonjwa mmoja waweza kuifuta.